Fataki za Mwaka Mpya Kisumu: Mtoto Atarudi kwa Njia Gani?

Kila Desemba ikifika katikati, chama chetu cha kina mama hapa mtaa wa Manyatta hugeuka baraza. Michango huhesabiwa haraka, chai humiminwa, kisha swali lile lile huletwa: usiku wa tarehe 31 watoto tuwapeleke mjini wakaone fataki, tubaki nao nyumbani, ama twende nao kanisani kwenye kesha tukavuke mwaka huko? Mwaka jana mjadala ulipamba moto. Mama mmoja anayeuza omena soko la Jubilee alisema, kwa sauti ya mtu aliyeumia, “Watoto wa Milimani wanaziona wakiwa kwenye varanda zao. Wangu wakitaka kuziona lazima niwashike mkono niwapeleke. Mkinikataza, mnataka waone nini?” Mwenzetu ambaye ni muuguzi akajibu kwamba yeye, hata alipiwe nauli ya kwenda na kurudi, hatamtia mwanawe kwenye umati ule.

Niliondoka pale nikiwa na maneno ya wote wawili kichwani, na tangu siku hiyo nimeyapima mara nyingi.

Nianze na muuza omena, kwa sababu hoja yake hupuuzwa upesi. Fataki ni miongoni mwa sherehe chache sana mjini zisizodai kiingilio. Mtoto wa Nyalenda au Obunga haendi kuogelea hotelini Krismasi, na bembea za pale kwenye maduka makubwa hulipiwa kila zamu. Anga lakini ni la wote. Wengi wetu tuliokulia Kisumu tulizijua fataki kwanza kupitia Diwali, kwani reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901 jamii za Kihindi zilifanya makao hapa, na zikaleta sikukuu zao pamoja na biashara zao. Tulikuwa tukipanda juu ya kuta za ploti kutazama cheche za kijani na nyekundu juu ya paa za watu tusiowajua, na kwa usiku mmoja furaha yao ikawa yetu. Mpaka leo naweza kukwambia ukuta ule ulikuwa wa rangi gani.

Kuna jambo lingine ambalo mama yule hakulisema ila nadhani ndilo lililomuumiza. Watoto wetu wengi wanaujua mji kama mahali pa vurugu. Wamefungiwa ndani siku za uchaguzi na siku za maandamano, wameona duka zikifungwa saa nne asubuhi na watu wakikimbia. Kumpeleka mtoto Oginga Odinga Street usiku ambao watu wazima wanacheka, wanapigiana honi na kukumbatiana na wasiowajua, ni kumwonyesha kwamba mji huu ni wake pia. Hilo siwezi kulidharau.

Sasa upande wa pili. Kuhusu masikio nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jibu lake linajulikana. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mlio wa ghafla usizidi desibeli 120 kwa mtoto, na fataki ikipasuka karibu inaweza kufika 150. Sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo dawa ni kusimama mbali. Mtoto mchanga asiwepo kabisa. Na vile vijiti vya cheche ambavyo watoto hupewa washike huwaka kwa joto la takriban nyuzi 1,000. Asipewe mtoto mdogo, hata kwa ajili ya picha.

Lakini sauti ina upande mwingine hapa kwetu, na huo sijausikia ukijadiliwa. Mpwa wangu anaishi Kondele, mtaa ambako siku za maandamano polisi hurusha vitoa machozi. Mwaka juzi tulikuwa naye karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta, watu wakihesabu kwa pamoja kuelekea saa sita. Fataki ya kwanza ilipopasuka hakutazama juu. Alivuta kola ya fulana yake akaziba pua na mdomo, akainama, akaanza kupapasa kutafuta ukuta. Alikuwa na miaka tisa. Nilipiga magoti nikamshika mabega, nikamwambia ni fataki, ni za kufurahisha, angalia juu. Akaangalia, ndiyo, lakini mkono haukutoka kwenye kola mpaka tulipofika nyumbani.

Mtoto aliyekulia mahali ambapo vitoa machozi huingia mpaka jikoni hausikii mshindo kama mtoto mwingine. Wapo watakaosema ndiyo sababu apelekwe, mshindo upate maana mpya. Inawezekana, na ningependa iwe hivyo. Ila maana mpya haiji kwa kushtukizwa katikati ya watu elfu kadhaa. Mtoto aambiwe mapema nini kitatokea, asimame anapoona njia ya kuondoka, na akisema twende, mwende.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo lenyewe. Tunapobishana, sisi hubishana kuhusu fataki, iwapo ni nzuri au ni hatari kwa umri huu au ule. Nikiangalia misiba iliyowahi kuwapata watoto usiku wa namna hii, naona mara nyingi fataki zilikuwa mbali na waliokufa. Njia ndiyo iliyowaua.

Akashi, Japani, Julai 21, mwaka wa 2001: watu walikwenda ufukweni kutazama fataki na kulikuwa na daraja la waenda kwa miguu kati ya kituo cha treni na ufuo. Waliokuwa wakienda wakakutana na waliokuwa wakirudi, juu ya daraja. Walikufa watu 11, na 9 kati yao walikuwa watoto. Abidjan, Côte d’Ivoire, alfajiri ya Januari 1, mwaka wa 2013: fataki zilikuwa zimekwisha salama, umati unarudi nyumbani, na kwenye barabara karibu na uwanja wa michezo watu wakakanyagana. Takriban 60 hawakufika nyumbani, wengi wao watoto na vijana. Na Kampala, ambako ni safari ya basi tu kutoka hapa, usiku wa kuamkia Januari 1, mwaka wa 2023: mkesha katika jengo la maduka, watu wakatoka kutazama fataki, msukumano ukatokea katika ujia mwembamba. Walikufa watu wasiopungua 9, wakiwemo watoto.

Katika visa vyote vitatu, aliyesimama uwanjani akitazama juu alikuwa salama kuliko aliyekuwa akipita mahali pembamba. Umati ukizidi watu 5 hivi katika kila mita moja ya mraba, mtu hachagui tena anakokwenda, anabebwa. Wengi wanaokufa hawafi kwa kukanyagwa, wanakufa wakiwa wamesimama kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka. Mtoto yuko chini kwenye viuno vya watu, hewa ni ya moto, hamna anayemwona. Hatuhitaji kwenda Japani kulielewa hili. Oktoba 2025, watu walipofurika uwanja wa Mamboleo kumuaga Raila Odinga, tuliona wenyewe watu wazima wenye nguvu zao wakizimia na kubebwa juu ya vichwa vya wenzao. Na hiyo ilikuwa mchana.

Kisha kuna njia ya baada ya njia, ile ya kutoka mjini hadi mlangoni. Saa saba usiku tuktuk zimejaa, matatu ni chache, na boda boda zimepandisha bei. Sheria inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja. Usiku ule nimeona mama, watoto wawili na dereva, mdogo ameketi juu ya tangi la mafuta, kichwa kimelegea kwa usingizi, wakipita kasi kuelekea mzunguko wa Kondele, wengine barabarani wakiwa wamelewa. Mzazi huyo huenda alikuwa na hofu ya fataki jioni nzima. Kwa maoni yangu, dakika kumi zile juu ya pikipiki zilikuwa hatari kuliko chochote kilichopasuka angani.

Ndiyo maana siukubali moja kwa moja msimamo wa muuguzi wetu, ingawa anayaona majeraha kuliko mimi. Akisema “usimpeleke” bila kusema lingine, anamwachia muuza omena mambo mawili tu: kutii na kuwanyima wanawe, au kukaidi na kwenda bila mpango. Wengi wataenda. Bora tuzungumze wataendaje. Wala sikubali kwamba kila mtoto aende. Chini ya miaka mitano, hapana. Asiyeweza kutaja jina la mzazi wake na namba ya simu, hapana, hata akiwa mkubwa. Mzazi mmoja na watoto wanne, hapana, kwa sababu mikono ni miwili.

Watu huuliza, je, tusitazamie Dunga, ziwani, ambako hakuna umati? Nilidhani ni jibu zuri mpaka mvuvi mmoja akanikumbusha kwamba usiku ndio wakati viboko hutoka majini kula majani. Kuna na mbu pia, na kanda hii yetu malaria haijatuacha. Milima ya Riat inaonyesha mji wote ukiwa chini yako, lakini tunarudi kwenye swali la usafiri. Kilichobaki kwa wengi wetu ni paa la ghorofa lenye ukuta wa kuegemea, au uwanja wa kanisa wakati wa mapumziko ya kesha. Ni kweli kwamba kwa mbali fataki huwa ndogo kama ua la mkononi, na mtoto hasikii ule mtetemo kifuani ambao wakubwa huukumbuka. Kuna kitu anakosa.

Wenye kuandaa maonyesho nao wana sehemu yao. Tangazo husema saa na mahali, na jina la msanii kwa herufi kubwa. Sijaona linalosema milango ya kutokea ni mingapi, au barabara ipi itafungiwa magari ili watu watembee. Ikiwa mwandalizi anawaalika watu na familia zao, hayo ayatangaze pamoja na jina la msanii.

Desemba iliyopita mimi nilibaki. Nilipanda juu ya paa na binti yangu na mpwa wangu, tukiwa na leso mbili na chupa ya chai. Nilikuwa nimewaeleza kwamba mwanga hutangulia na sauti hufuata, na kwamba kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Anga upande wa ziwa likawaka nyekundu, wakaanza kuhesabu. Mshindo ulipofika, mdogo kama mtu anayegonga mlango wa jirani, mpwa wangu akapiga kelele, “Tisa! Kilomita tatu!” Akahesabu na iliyofuata, na iliyofuata, mikono yote miwili kwenye ukuta.

Muuza omena alienda. Aliwachukua wawili wakubwa tu, akaandamana na dada yake, wakasimama pembeni mwa umati upande wa kuelekea nyumbani, na walikuwa wamekubaliana kuondoka kabla ya fataki za mwisho. Alitusimulia Januari. Walianza kutembea huku anga bado linapasuka, barabara ikiwa wazi, na watoto wakatembea kinyumenyume ili wasikose hata moja, yeye na dada yake wakiwaongoza kwa mkono mgongoni.