Naibu meya na kiti cha mwaka mmoja

Makala yenu kuhusu naibu meya inamsifu kana kwamba kakalia kiti cha enzi, ila mwandishi hujagusa jambo kubwa: hapa Tanzania muhula wake ni mwaka mmoja. Meya akishachaguliwa, ana miaka 5. Naibu kila mwaka anarudi kwa madiwani wenzake kuomba kura upya. Sasa hapo utaanzisha mradi gani wa maana, na nusu ya akili iko kwenye kuhesabu nani bado yuko nawe?

Na bado ni diwani huyo. Wa kwetu aliyewahi kushika nafasi hiyo, asubuhi ungemkuta ofisi ya kata: benchi limejaa, huyu ana barua ya serikali ya mtaa, mama lishe kavunjiwa kibanda, mzee analalamikia mtaro ulioziba. Koti la suti limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Meya akisafiri, analivaa anakwenda kuongoza kikao. (Sisi tuliliita koti la dharura, na yeye alijua.)

Sisemi cheo hakina njia. Omary Kumbilamoto, diwani wa Vingunguti, alikuwa naibu meya wa Manispaa ya Ilala kwa tiketi ya CUF, chama cha upinzani, akahamia CCM, chama tawala, akawa meya, na Ilala ilipopandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam 2021 akawa meya wa Jiji. Lakini ngazi hapo ilikuwa unaibu au kuhama chama? Hilo ndilo nililotaka kulisoma. Badala yake mmetuwekea picha za kukata utepe.