Jinsia Ilikuwamo katika Darasa la Muziki Tangu Zamani

Msomi anayetafiti jinsia na ujinsia (mielekeo ya kimapenzi) katika elimu ya muziki huulizwa swali linalochosha: muziki wenyewe utaufundisha lini? Linanikera, maana linadhani yeye ndiye aliyeiingiza jinsia darasani.

Mwaka 1978 watafiti Harold Abeles na Susan Porter walionyesha kwamba Wamarekani, wakubwa kwa watoto, walizigawa ala kijinsia: filimbi, fidla na klarineti za kike, ngoma, tromboni na tarumbeta za kiume. Anayemchagulia mtoto ala anamchagulia pia nafasi yake katika bendi, pengine hata riziki. Orkestra ya Filharmonia ya Vienna ilimpa mwanamke uanachama kamili mwaka 1997 tu. Huyo ni Anna Lelkes, aliyekwisha kuipigia kinubi kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka huohuo mtafiti Lucy Green wa Uingereza alichapisha kazi ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Walimu aliowahoji waliwasifia wasichana bidii na utiifu; wavulana wakasifiwa ubunifu, hasa katika utunzi. Sifa ya bidii inasikika kama zawadi, lakini msichana anayeambiwa kila muhula kwamba anajituma anajifunza kuwa kipaji ni cha mwingine. Mwalimu huyo hana nia mbaya hata kidogo, na ndiyo maana utafiti unahitajika: kosa lisilo na mkosaji halionekani kwa macho.

Upande wa ujinsia ulichelewa zaidi. Chuo Kikuu cha Illinois kiliandaa kongamano kuhusu elimu ya muziki na watu wa mapenzi ya jinsia moja mwaka 2010. Lakini hofu yenyewe, ya mvulana kuonekana si mwanamume kamili, ni kongwe. Mtafiti Julia Eklund Koza alipopekua jarida la walimu wa muziki la Marekani la miaka ya 1914 hadi 1924, alikuta tayari wanalalamikia wavulana kuikwepa kwaya. Dawa inayopendwa hadi leo ni kuwatafutia nyimbo za "kiume". Mimi naona dawa hiyo inalisha ugonjwa: inamthibitishia mvulana kwamba kuimba kwa sauti laini ni aibu, na anayemzomea mwenzake anapata ushahidi.

Wasomi vijana hushauriwa wasubiri waajiriwe kwanza, ndipo waandike haya. Naupinga ushauri huo. Vyuo vya ualimu viwaajiri kwa sababu ya utafiti huu, na somo lao liwe la lazima kabla mwalimu hajagawa ala ya kwanza.