Ramani ya Matatu za Nairobi na Wale Isiowaona

Kwa miaka mingi, mgeni wa Nairobi aliyetaka kujua matatu ya Buruburu inapitia wapi alilazimika kumuuliza makanga. Hata wapangaji wa usafiri hawakuwa na ramani kamili ya ruti. Pengo hilo lilizibwa na mradi wa Digital Matatus: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zenye GPS, wakanakili kila kituo, na Januari 2014 wakatoa ramani ya ruti zaidi ya 130.

Wanaoisifu kazi hiyo wana hoja nzito. Data zenyewe ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia, na mwaka 2015 ruti hizo ziliingia kwenye Google Maps. Muhimu zaidi, ramani ilidhihirisha kwamba ruti nyingi mno hukimbilia katikati ya mji, hivi kwamba anayetoka mtaa wa mashariki kwenda wa magharibi mara nyingi hushuka mjini na kutafuta steji nyingine. Abiria walilijua hilo siku zote. Ila katika meza ya mipango lalamiko la abiria hupuuzwa kwa urahisi, ilhali mstari uliochorwa unaweza kupimwa na kutetewa.

Hata hivyo, mfumo wa GTFS uliotumika kupanga data hizo, yaani muundo wa pamoja wa kuandika ruti, vituo na muda wa vyombo vya usafiri, ambao ulianzia Portland, Marekani, mwaka 2005, ulibuniwa kwa mabasi yenye ratiba. Matatu huondoka ikijaa, na dereva akiona foleni hukata kona akapita mitaa ya ndani. Kwa hiyo muda unaoandikwa katika mfumo huo ni makadirio, ingawa kwenye kompyuta huonekana kama uhakika. Isitoshe, data huchakaa: steji huhamishwa, na barabara mpya, kama ile ya Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022, hubadilisha mwenendo wa magari.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni watembea kwa miguu. Kibarua anayetoka Kibera alfajiri kwenda Industrial Area kwa miguu, kwa sababu nauli ingemla nusu ya ujira, haachi alama yoyote katika ramani ya ruti. Mpangaji akizichukua ruti zilizopo kuwa ndizo kipimo cha mahitaji, ataongeza huduma pale ambapo tayari ipo, na ukimya wa kibarua huyo atausoma kama kutohitaji usafiri.

Sioni kwamba dawa ni kuziacha teknolojia hizi. Kaunti iwe na kitengo chake cha kusasisha ramani, kiwe na bajeti ya kila mwaka badala ya kungoja wafadhili; Sacco, yaani vyama vya ushirika vya wenye matatu, zitakiwe kutoa taarifa za mabadiliko ya ruti kila zinapoomba leseni; na kabla njia yoyote ya mabasi ya kasi haijachorwa, wahesabiwe kwanza wanaotembea kando ya barabara hiyo, asubuhi na jioni, mvua na jua.