Tumeambiwa tusikusalimie

Jumatano asubuhi nilikuwa Kongowea, upande wa nyanya, saa moja hivi kabla jua halijaanza kuuma. Nikamuona. Huyu tumeimba kwaya moja miaka sita, sauti ya pili, bega kwa bega, mtoto wake wa kwanza nimembeba akiwa na siku nne. Nikamuita kwa jina, kwa nguvu, vile watu wanaitana sokoni. Akaniangalia. Halafu akainamisha kichwa, akageuka, akapita katikati ya mikokoteni kama mtu amemuona anayemdai.

Usiku saa tano meseji ikaingia. "Samahani dada. Tumeambiwa tusikusalimie. Usinijibu."

Leo ni siku ya nne na bado naisoma. Mombasa hii salamu si kitu cha kuchezea. Mimi na jirani yangu tuligombana mwaka jana kwa mambo ya maji mpaka tukafikishana kwa mzee wa mtaa, na hata wiki ile ile ya ugomvi kila asubuhi akipita mlangoni kwangu aliniuliza nimeamkaje na watoto wameamkaje. Mtu mmegombana na salamu yako unapata. Sasa hili ni kanisa gani, linahubiri upendo kwa spika mpaka nusu ya Kisauni inaskia, halafu linamfundisha mama mzima kumkimbia mwenzake kati ya nyanya?

Nilitoka mwezi wa nane mwaka jana. Sikutukana mtu, sikuandika chochote mahali, nilimpigia kiongozi wa kwaya nikamwambia kuanzia Jumapili sitakuwepo. Jioni nilikuwa nimetolewa kwenye grupu zote za WhatsApp, hata ile ya chama cha akina mama ambayo nilikuwa na mchango wangu wa miezi mitano ndani. Kufikia Jumapili nilikuwa tayari naambiwa nina roho ya Yezebeli, yule malkia mbaya wa Biblia.

Lakini mimi nilijua nimeshikwa zamani, tangu ile siku mamangu alipopasuliwa. Alikuwa afanyiwe operesheni Voi, na Voi si mbali, basi masaa matatu hivi umefika. Tulikuwa kwenye mfungo wa siku 21 na utaratibu ulikuwa hakuna kutoka mjini bila Baba kujua, Baba ndo tulikuwa tunamuita mchungaji, na ulinzi wake wa kiroho tuliuita kifuniko. Nikaenda kuomba ruhusa, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwenye watoto wawili, naomba ruhusa kwenda kumuona mamangu. Akanisikiliza vizuri tu, akanyamaza kidogo, akasema, "Ukitoka chini ya kifuniko katikati ya mfungo, binti yangu, litakalompata mamako mimi simo."

Nikabaki.

Mamangu akaingia theta na hakuna hata mtoto wake mmoja aliyekuwa amekaa pale nje kwa benchi. Alipona, Mungu ni mwema. Nilipompigia nikamueleza hakunilaumu, aliniuliza tu, "Kwani huyo mchungaji wenu hana mama?"

Na angalia, hakunikataza. Hapo ndo watu ambao hawajapitia haya wanakosea, wanadhani kiongozi wa aina hii anafoka, anafunga milango, anashika watu mashati. Hapana. Mlango aliniachia wazi kabisa, ila alichukua kifo cha mamangu akakilaza kizingitini, nikitaka kutoka nikiruke. Na siku ukimshtaki atakwambia mimi lini nilikukataza? Na ni kweli, hakunikataza.

Haikuanza hapo. Ilianza kwa kuambiwa ukipata kazi mpya uje tukuombee, kitu kizuri, nani hataki kuombewa. Halafu ikawa uje kabla hujaikubali hiyo kazi. Halafu kabla hujahama nyumba. Halafu vijana wakaambiwa hakuna kuongea na mchumba kabla Baba hajaskia kutoka kwa Bwana. Mwaka wa nne nilikuwa nauliza kama nichukue friji ya mkopo, na nilikuwa nauliza kwa hofu, manake nimeona kwa macho yangu aliyenunua pikipiki bila kuuliza akapata ajali Barsheba na Jumapili ikahubiriwa ile ajali kama ushuhuda.

Sasa nataka kuongea kuhusu ule mstari. Kila mtu aliyepita mahali kama pale anaujua.

Tulichanga pesa za kiwanja miaka miwili. Ukituma, jina linalotokea kwa simu ni la Baba mwenyewe, si la kanisa. Kulikuwa na kaka mmoja, fundi wa umeme, mtu mpole sana, yeye ndo aliweka taa zote za pale bila kulipwa, akauliza kwa kikao, kwa heshima, kama tunaweza kuonyeshwa hati ya kiwanja. Hakujibiwa siku ile. Jumapili iliyofuata mahubiri yakawa Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Masihi, yaani waliopakwa mafuta. Masaa mawili. Tukasimama tukarudia kwa sauti, tukamgeukia jirani tukamwambia usiguse. Mwezi haukuisha, yule kaka alikuwa anakaa benchi peke yake, na mimi ni mmoja wa waliohama hilo benchi. Nimeshamtafuta nikamuomba msamaha.

Hiyo Zaburi nilikuja kuifungua mwenyewe baada ya kutoka, na nikaanzia mstari wa 12 badala ya wa 15. Nikalia. Yenyewe inaongea juu ya Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wakiwa watu wachache wa kuhesabika, wageni, wanatangatanga taifa hadi taifa, hawana nchi, hawana jeshi, hawana mtu wa kuwatetea. Na mstari wa 14 unasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Wafalme! Yaani anayeambiwa usiguse ni yule mwenye kiti na mwenye nguvu, na anayelindwa ni mpangaji, ni mgeni, ni yule fundi wa umeme aliyeuliza hati. Mstari uliandikwa kumlinda mdogo dhidi ya mkubwa, wao wakaushika upande wa pili wakatuchapa nao miaka yote.

Watakuletea Daudi, ati Daudi hakumgusa mfalme Sauli. Kweli hakumuua, na hakuna mtu hapa anasema mchungaji auawe, tunasema aonyeshe hati. Lakini soma yote. Sauli alimrushia Daudi mkuki akitaka kumpigilia ukutani, na Daudi akakimbia, mkewe akamtoa kwa dirisha usiku. Hakuna mahali Mungu alimwambia rudi ukakae pale pale kwa ukuta kwa sababu anayerusha ametiwa mafuta. Na siku ile ya pangoni, 1 Samweli 24, alitoka nje akampigia kelele mfalme kwa sauti, watu wanaskia, akamuuliza mbona unanifuata, akamuonyesha kile kipande cha vazi mkononi. Alisema waziwazi, na bado Biblia inamuita mtu aliyemheshimu masihi wa Bwana. Na Samweli mwenyewe, aliyewapaka mafuta wote wawili, alipozeeka alisimama mbele ya watu akawauliza nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani, nimemdhulumu nani, nishuhudieni. Aliuliza yeye kwanza, kabla mtu hajamuuliza.

Na tukifika Agano Jipya, Yohana anawaandikia waumini wa kawaida kabisa kwamba ninyi mmepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu. Ninyi. Mama anayekaanga viazi karai pale stendi amepakwa mafuta. Kulikuwa na dada alienda ushauri kwa mke wa mchungaji, kwa siri, akasema mumewe anampiga. Jumapili ikatoka madhabahuni kwamba kuna mwanamke hapa ndani hana utiifu ndo maana nyumba yake haina amani. Mumewe alikuwa amekaa safu ya tatu. Jumanne yule dada hakuja maombi, wala Ijumaa, na hakuna aliyetumwa kwenda kumuangalia. Aliyemgusa masihi wa Bwana hapo ni nani?

Najua mtaniambia wachungaji nao wanapitia mengi, wanasingiziwa, wanachoka, kuna waumini wasengenyaji ambao hakuna kanisa litawatosha. Ni kweli. Na mchungaji niliye naye sasa, kanisa dogo tu huku Mikindani, anasoma hesabu za sadaka mbele ya watu, na nilipomwambia siwezi kuingia kwaya kwa sasa alisema sawa, akaniuliza watoto wako aje. Wiki mbili nzima nilingojea adhabu. Haikuja. Kwa hivyo hata mimi sisemi wote.

Na nidhamu kanisani ipo, Mathayo 18 naijua, unaenda kwa mtu faraghani, halafu na mashahidi, halafu kanisa. Mimi hakuna aliyekuja faraghani. Waliruka moja kwa moja mpaka mwisho, pale kwa "kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru", na hata hapo Yesu watoza ushuru alikula nao, Zakayo alimfuata mpaka nyumbani.

Kitu kinachoniuma sana ni hili neno la kila siku, "lakini nyinyi hamkufungishwa njaa." Baada ya Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mchungaji Paul Mackenzie walikufa kwa njaa, imekuwa kama kipimo, ukiwa haujafukiwa msituni basi haujaumizwa. Aprili 2023 tuliona wote vile miili inafukuliwa, mwisho wake ikapita 400, na mashtaka ya watoto peke yake ni 191. Moja ya kesi za Mackenzie imekuwa ikisikizwa hapa hapa kwetu Shanzu, naye alikana, mahakama itasema. Lakini wale watu hawakuanzia msituni. Walianzia kwa kanisa Malindi mjini, lina viti, lina mahubiri kwa TV, wakaambiwa shule si ya Mungu, halafu hospitali, halafu ndugu wanaokupinga ni adui. 2017 tayari kulikuwa na kesi ya watoto kuachishwa shule. 2025 ikaja Kwa Binzaro, Kilifi hiyo hiyo, makaburi tena. Na sisi kule kwetu tulikaa tukaombea Shakahola, Baba akasema tumshukuru Mungu hatujadanganywa kama wale, nikasema amina, na mwezi mmoja baadaye nikaomba ruhusa ya kwenda Voi.

Serikali sitaongea sana. 2016 walileta kanuni za kutaka wachungaji wawe wamesoma, makanisa yakapiga kelele, zikarudishwa kabatini. Kifungu cha 32 cha katiba kinasema hakuna wa kukulazimisha kwa mambo ya imani, lakini ni askari gani atakuja kuangalia nani amekatazwa kusalimia nani.

Kwa hivyo kama uko mahali na moyo unakusumbua, usianze na mafundisho, mafundisho yao yanaweza kuwa sawa kabisa, yetu yalikuwa sawa. Jaribu kusema hapana kwa kitu kidogo. Sema Ijumaa sitakuja kesha, nimechoka. Usieleze, usiombe msamaha. Halafu angalia kinachokuja. Ikija "pumzika mama, tutaonana Jumapili", kaa. Ikija ndoto ambayo mtu ameota juu yako, ikija laana, ikija mahubiri ambayo kila mtu anajua ni yako, anza kutafuta dirisha kama Daudi, na kabla hujatoka mwambie mtu mmoja wa nje, ndugu, jirani, yeyote, usitoke peke yako kama mimi. Na kama kuna mtoto ananyimwa chakula au hospitali kwa jina la imani usingoje kikao cha wazee, piga 116, namba ya kusaidia watoto hapa Kenya.

Ile meseji sijaijibu. Najua simu zinakaguliwa kwenye seli, vile vikundi vya maombi vya nyumbani, nilikuwa naona zikipitishwa mkono kwa mkono. Lakini pia najua anasoma hapa ninapoandika, alikuwa ananisoma hata kabla sijatoka.

Dada, Jumatano nitakuwa Kongowea tena, saa moja, pale pale kwa nyanya, na kile kikapu changu cha kijani. Sitakuita, usiogope, hata nikikuona nitaangalia mizani. Wewe ukipita, kama unaweza, gusa tu kikapu.