Joto la Sanduku Langu Limekuwa Siri ya Kiwanda

Juzi mwalimu mmoja wa maabara ya kompyuta hapa Kisiwani alipeleka mashine kwa fundi, maana ilikuwa inazimika yenyewe kila jua likishika. Fundi hakulegeza hata skrubu moja. "Ni joto la Mombasa hilo, mwalimu. Nunua nyingine." Na nyingine, kwa bahati njema, alikuwa nayo papo hapo dukani.

Mimi sibishani na joto. Kaskazi ya Februari naijua, na chumvi ya bahari naiona inavyotafuna makasha ya kompyuta. Lakini joto ni kitu cha kupimwa, na ndani ya madabodi, lile bamba kuu la kompyuta, kuna chipu iliyowekwa kwa kazi hiyo hiyo: kusoma joto, kuhesabu mizunguko ya feni, kupima volti. Nikawasha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, nimwonyeshe mwalimu ugonjwa kwa nambari. Joto la prosesa likaja, digrii 91, na mashine haina kazi yoyote inayofanya. Kuhusu feni, keneli, yaani kiini cha Linux, ikaandika mstari mmoja kwenye logi: chipu hii siitambui. Kwisha. Ndio, ningeweza kufungua na kuchungulia kwa macho, na nilichungulia, lakini maabara ina safu nzima ya mashine na mwalimu hawezi kuishi na bisibisi mfukoni.

Hasira yangu si kwa keneli. Ni kwa wanaouza chipu na madabodi halafu wanaficha karatasi za maelezo yake.

Tazama LM75, chipu ya siku nyingi ya National Semiconductor. Karatasi yake iko wazi, apendaye anaipakua. Rejista sifuri (rejista ni kijisanduku cha nambari ndani ya chipu) ndiyo ya joto, hatua moja ni nusu digrii, anwani zake kwenye basi ya I2C, zile nyaya ambazo chipu huzungumzia, ni 0x48 mpaka 0x4F. Kwa sababu hiyo draiva moja, kiprogramu cha keneli cha kuzungumza na chipu, inaendesha hata chipu za viwanda vingine vilivyoiga mpangilio ule. Nimeifunga kwenye friza ya samaki ya jamaa yangu Mji wa Kale, pamoja na Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, inayotumia betri. Unasoma faili la temp1_input, linakwambia -18500, yaani digrii 18 na nusu chini ya sifuri. Hwmon, sehemu ya keneli inayoshughulikia vihisi, huandika kwa sehemu za elfu kwa sababu ndani ya keneli desimali hazikaribishwi. Stima ikipotea usiku, nambari ikaanza kupanda, jamaa anapata ujumbe kabla samaki wake hawajaanza kunuka.

Sasa njoo kwenye madabodi. Chipu za kupimia haziwezi kupokea volti 12 moja kwa moja. LM78, chipu nyingine ya zamani ya kupimia, ilikomea volti 4 na kidogo. Kwa hiyo mwenye madabodi anaweka rezista mbili za kuigawa volti, na chipu inasoma kilichobaki. Ukizijua rezista hizo, unazidisha tu, unapata 12 yako. Usipozijua, draiva inakupa 1.9 na wewe unabaki kupiga ramli. Anayezijua ni nani? Ni yule yule aliyezibandika! Na mguu wa chipu ambao haukuunganishwa na kihisi chochote unaweza kukuonyesha digrii 127 mchana kutwa kwenye mashine iliyo baridi kama maji ya mtungi. Mwenye mashine akiona anakimbilia Moi Avenue kununua feni ya pili.

Eti siri ya biashara. Joto la sanduku langu, nililolinunua kwa pesa zangu, ni siri ya biashara ya nani?

Ndipo watu wa kujitolea wanapokaa usiku kukisia. Wanamwaga rejista zote kwenye skrini, wanazuia feni kwa kidole, wanaangalia nambari ipi imeshuka. Wallahi sitanii, hivyo ndivyo draiva nyingine zilivyozaliwa. Na si kila kisio linasimama. Mwaka 2020 draiva ya k10temp, inayosoma joto la prosesa za AMD, ilianza kuonyesha volti na ampea za prosesa zake za Zen, na mwaka huo huo uwezo huo ukaondolewa: njia ya kuzisoma haikuwa na maelezo rasmi, ilibadilika toka prosesa hii hadi ile, na nambari zenyewe hazikuwa zimesawazishwa. Nawavulia kofia walioiondoa. Wangeweza kuacha tarakimu zing'ae pale tukafurahi.

Nitakubali jambo moja, shingo upande: kugusagusa basi ya I2C ovyo kunaweza kuua mashine. Laptopu kadhaa za zamani za ThinkPad ziliharibika memori yake ya EEPROM, ile inayotunza mipangilio hata stima ikizimwa, kwa kuchokonolewa na programu iliyokuwa inatafuta vihisi. Haya. Lakini kilichoziponza ni kukisia, na aliyesababisha watu wakisie tunamjua.

Kuna na wale wa "nunua madabodi inayotambulika." Ahsanteni. Huku tunanunua kilichoshuka na kontena, mitumba ya maofisi ya Ulaya, na kontena halina menyu.

Na wewe uliyekwisha kuandaa jibu la "rudi Windows," tulia kidogo. Zile programu huria za kusoma vihisi huko nazo zimejaa makisio ya namna hii hii. Imebaki programu rasmi ya kiwanda, yenye picha ya joka linalowaka moto, inayotaka ufungue akaunti na uthibitishe barua pepe ndipo ikwambie feni yako inazunguka. Mpelekee mwalimu, mashine zake zina RAM ya giga nne.