Mwanafunzi akihitimu, chujio anaachiwa nani?

Wakenya tulio Marekani tumezoea kusingizia pesa kila kitu. Uliza kwa nini miradi ya wanafunzi wa uhandisi huku hudumu na ya kwetu hufa, utaambiwa wenzetu wana hela. Mimi sikubali.

Hapa Indiana, Chuo Kikuu cha Purdue kilianzisha mpango wa EPICS mwaka 1995. Kila timu ya wanafunzi hushikana na shirika la kijamii lenye shida fulani, na kazi hiyo huhesabiwa kama somo. Wa mwaka wa kwanza hufanya kazi bega kwa bega na wa mwaka wa mwisho, hivyo mkubwa akihitimu, mdogo anajua waya upi unaenda wapi.

Kwetu projekti husubiri mwaka wa mwisho. Unaitetea mbele ya wahadhiri, unapata alama, ripoti inatiwa jalada gumu na kupelekwa maktabani. Basi.

Sasa chukua maji ya Nakuru. Visima vingi vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), ndiyo maana wengi wetu wa Njoro, huko Nakuru, tuna meno ya kahawia. Dawa yake inajulikana, na Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru iliitumia kwa miaka mingi: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa kidogo hadi iwe makaa, husagwa chengachenga, hujazwa kwenye ndoo yenye bomba, kisha maji hupitishwa humo, na makaa hunasa floraidi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, palepale Njoro, hashindwi kuunda chujio hicho. Taabu ni kwamba makaa huchoka, yakaacha kunasa floraidi, na yakichoka hayasemi. Maji yanatoka maangavu vilevile, hayanuki, ladha haibadiliki. Mama anaendelea kuwanywesha watoto akijua wako salama, kumbe fundi wa chujio alishahitimu na yuko Mombasa anahangaikia kazi (au yuko huku, kama mimi).

Lakini kuna jambo moja tunalowashinda hawa wa huku: kuijua shida yenyewe. Wao hulazimika kwanza kwenda kuuliza watu wana shida gani. Kijana wa Njoro anaijua tangu utotoni, anacheka akiziba mdomo.

Ningekuwa mkuu wa idara, nambari ya simu inayobandikwa kwenye ndoo ingekuwa ya idara, si ya mwanafunzi. Wa mwaka wa pili wangepewa orodha ya nyumba, waende kupima maji kila muhula na kubadilisha makaa yaliyochoka, na wapate alama kwa kazi hiyo.