Onyo la kigeu kilichofunikwa: kuliwasha hakutoshi

Madukani Lubumbashi bei nyingi hutajwa kwa dola na mteja akalipa faranga, kwa hiyo programu ya kaunta haikosi kigeu (jina linalohifadhi thamani) kiitwacho `taux`, yaani kiwango cha kubadilishia fedha. Tuseme imeandikwa kwa lugha ya C. Mwanzoni mwa fankisheni kuna `double taux = 2800;`. Chini yake, ndani ya mabano ya `if`, mtu ameandika `double taux = soma_taux();` kisha akaichapisha kwenye skrini. Hilo `double` la pili limezaa kigeu kipya chenye jina lilelile, kinachokifunika kile cha juu na kufa mabano yakifungwa. Skrini inaonyesha taux ya leo. Risiti inapigwa kwa ya zamani. GCC, kompaila inayotafsiri programu hiyo, hata ukiiwashia maonyo ya `-Wall` na `-Wextra`, inanyamaza. Inayokuonya ni `-Wshadow`, na hiyo uiombe mwenyewe.

Basi iwashwe kila mahali? Wanaokataa si wavivu. Kabla ya GCC 4.8 ya mwaka 2013, ukikiita kigeu chako `index` ulionywa, eti kwa sababu maktaba ya C ina fankisheni yenye jina hilo. Kelele za namna hiyo humzoesha mtu kupuuza maonyo yote, likiwemo la maana. Kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, mpaka leo hailiwashi onyo hili kwa kawaida; inabidi uombe `W=2` unapoijenga. Watu wa lugha ya Rust nao hurudia jina lilelile makusudi, wakisema ni afadhali kuliko kutunga `taux2` na `taux_mpya`. Hapo nawaunga mkono, ingawa mtego wa mabano uko hata kwao. Lugha ya Java imekwenda upande wa pili: kigeu cha ndani ya metodi (fankisheni ya Java) kufunika kingine cha metodi hiyohiyo ni kosa, si onyo.

Kelele zenyewe zimepungua. Tangu GCC 7 kuna `-Wshadow=local`, inayoangalia vigeu vya ndani peke yake, na mimi ningeanza na hiyo. Kinachonisumbua ni mwongozo wa mradi unaosema tu "usifunike jina" na kuishia hapo. Kijana mgeni kazini atafanya nini? Atabadilisha cha ndani kiwe `taux2`, na onyo litaondoka. Mwongozo ulipaswa kumuuliza kwanza kama alitaka kigeu kipya, au alitaka kubadilisha kile cha juu. Kama ni hicho cha juu, dawa ni kufuta `double`. Kwa `taux2` risiti bado ni mbovu, na sasa kompaila haina tena la kumwambia.